Kuupanda mnara wa Kigomasha: maelekezo ya binti wa nahodha

Taa ya Kigomasha, ile ya kuongozea vyombo vya baharini huku kaskazini mwa Pemba, baba yangu aliijua kwa zaidi ya miaka 30 kabla hajaugusa mnara wake. Alikuwa nahodha wa mashua ya Wete, akivuka kwenda Tanga na nazi na machungwa, akirudi na vitunguu, mahindi na mbao. Kwake Kigomasha ilikuwa cheche moja ya usiku, upande wa kushoto wa omo, yaani mbele ya chombo, na hapo kushoto ndipo palipokuwa na maana yote. Nitaeleza.

Mimi nasomesha jiografia hapa kaskazini mwa Pemba. Wanafunzi wangu nawapeleka Kigomasha karibu kila mwaka, na ndugu wakija kutoka Unguja, Dar au Muscat, safari ya kwanza ninayowapangia huwa hiyo. Nimekwenda kwa daladala, kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa miguu ufukweni. Nimekwenda nikakuta mlango umefungwa, na nimewahi kurudi gizani miguu imechanwa na matumbawe. Nakuandikia ili wewe upite njia iliyokwisha kusafishwa.

Kwa nini mnara uko pale

Ras Kigomasha ni ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba. Ni rasi nyembamba: magharibi yake ufukwe wa Verani, mashariki yake Vumawimbi, na ukiiendea kutoka Konde unapita kwanza ndani ya msitu wa Ngezi. Waingereza ndio waliousimamisha mnara, mwanzoni mwa karne ya 20, Zanzibar ikiwa chini ya himaya yao tangu 1890. Ni mnara wa chuma. Minara ya namna hii iliundwa kiwandani vipande vipande, ikapakiwa melini, ikaja kufungwa kwa bolti mahali pake.

Sasa njoo kwenye bahari yenyewe. Kati ya Pemba na bara kuna mlango wa bahari ambao kina chake kinapita mita 800. Unguja imekaa kwenye maji ya kina kifupi, kama iliyoshikana na bara kwa chini; Pemba imesimama peke yake. Na humo mlangoni maji hayatulii. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi, upepo wa kusini, unakwenda kwa nguvu kwelikweli, kwa sababu upepo na maji vinasukuma upande mmoja. Tanga na Wete zinatazamana, magharibi na mashariki, kama kilomita 70 za maji katikati. Nahodha anayetoka Tanga akaelekeza omo Wete moja kwa moja, Wete hafiki. Atachukuliwa. Baba alikuwa akilenga kusini ya Wete, akaacha mkondo umpandishe taratibu mpaka mahali pake.

Usiku atajuaje kama amepandishwa kupita kiasi? Kwa taa. Alituchorea mchangani kwa kijiti tulipokuwa wadogo, mimi na kaka zangu. Kigomasha ikiwa kushoto kwa omo, njia yako ni nzuri, endelea. Ikija ikasimama mbele yako sawasawa, mkondo umekula safari yako, geuza kusini haraka, na kama upepo umekufa shikeni makasia. Ikihamia kulia, Pemba umeshaikosa, na mbele yako hakuna nchi tena ila Bahari ya Hindi.

Nakuomba uupande mnara ukiwa na mchoro huo kichwani. Hilo ndilo kubwa ninalokutaka. Yaliyobaki ni nauli na viatu.

Siku ya kwenda, na saa

Tazama mwezi kwanza. Namaanisha mwezi wa angani. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali sana karibu saa nne asubuhi na hujaa kabisa karibu saa kumi alasiri. Maji mafu, katikati ya siku hizo, mambo hugeuka: alasiri maji huwa yametoka, ingawa hayatoki sana. Kwa nini ujali, nawe unakwenda kupanda ngazi za chuma? Kwa sababu njia nzuri kuliko zote ya kuufikia mnara ni ya ufukweni kutokea Verani, na sehemu za ufukwe ule zina majabali ya matumbawe yaliyoliwa chini na mawimbi. Maji yakijaa yanafika kwenye jabali na njia inakatika.

Mara ya pili kwenda kwangu ilikuwa bamvua, nikiwa na binamu yangu. Tulikwenda kwa miguu asubuhi, mchanga mpana kama uwanja wa mpira. Tukakaa, tukala, tukazungumza, tukasema tutarudi jua likipoa. Saa kumi na moja tulipoteremka ufukwe haukuwepo. Tulipita juu ya majabali tukishika mizizi, kandambili za binamu yangu zikakatika, na mpaka leo ana kovu kwenye kisigino. Basi: kama ni bamvua, nenda kwa ufukwe asubuhi ukirudi kwa njia ya juu, ya vijijini. Kama ni maji mafu, huna wasiwasi.

Msimu je? Miezi ya kusi, hasa kuanzia Juni, jua si kali na hewa husafika baada ya manyunyu. Kaskazi, Disemba hadi Machi, joto ni kubwa na ndani ya mnara wa chuma unalihisi mara mbili. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi siwapeleki wanafunzi. Njia zinajaa tope, na chuma kilicholowa hakina huruma na mtu aliyevaa viatu vya soli laini. Ukipata kwenda wakati wa mavuno ya karafuu, utapita kando ya majamvi yaliyoanikwa njia nzima, na harufu yake utarudi nayo nguoni.

Ijumaa usiende kabla ya sala. Mimi nilikwenda Ijumaa mara ya kwanza kabisa, nikafika saa sita na nusu, nikakuta mlango umefungwa na mwenye ufunguo yuko msikitini, kama ilivyompasa. Nilikaa chini ya mvinje saa mbili. Ramadhani unaweza kwenda, lakini ujue hutapata chai wala chakula mchana popote njiani, na si vizuri kula hadharani hata kama wewe hufungi.

Kufika Konde, na baada ya Konde

Anayetoka nje ya Pemba hufika kwa boti Mkoani, au kwa ndege Chake Chake, ambayo kutoka Unguja ni safari ya nusu saa hivi. Kutoka Chake uliza gari ya Konde. Daladala yake ni namba 602. Ukiwa Wete, gari ya Konde ni 601. Ningekushauri ulale Wete usiku wa kuamkia safari, kwa sababu ukiondoka Chake asubuhi na kusimamasimama njiani, jua linakukuta Konde.

Konde teremka ule. Nasema hivi kwa sababu wageni wengi huona wamekaribia, wakapita moja kwa moja, halafu saa nane wananiuliza kama kuna hoteli mnarani. Hakuna. Nunua maji chupa mbili kwa kila mtu, chapati au mkate wa ajemi, samaki wa kukaanga, na machungwa yetu. Kama unapenda samaki na umefika mapema, soko la Tumbe liko karibu upande wa mashariki, na asubuhi mashua zikiingia ni jambo la kutazama. Lakini usikae sana, Tumbe inakula saa za watu.

Kutoka Konde kwenda mbele, gari za abiria huwa chache na hazina saa maalumu. Chukua pikipiki. Kubaliana na dereva bei ya kwenda na kurudi, pamoja na kukungoja au kukufuata saa mtakayopanga, kabla hujapanda. Mwambie wazi kwamba utarudi baada ya magharibi, ili asije akashangaa baadaye akaongeza bei msituni. Chukua namba yake ya simu, mpe yako.

Kisha utaingia Ngezi. Ni kama hekta 1,440 za msitu, mabaki ya ule ulioifunika sehemu kubwa ya Pemba kabla mikarafuu haijachukua nafasi. Hewa hubadilika ghafla, unahisi baridi kwenye mikono. Kuna mivule mikubwa, na kuna mpapindi, aina ya mtende wa asili ya hapahapa Pemba. Geti lipo, na ukitaka kutembea ndani ya msitu unalipia na unapewa mtu wa kukuongoza. Ukiwa na siku mbili, fanya hivyo siku ya pili. Popo wakubwa wa Pemba, wale wenye manyoya ya rangi ya kutu, waliwindwa mpaka karibu kwisha, na leo wapo tena kwa maelfu kwa sababu wanakijiji wenyewe waliamua kuwalinda. Hilo nalo linastahili siku yake.

Ukishatoka msituni unapita Makangale, mashamba ya mihogo na minazi, na barabara inaendelea kuelekea nchani. Kama umeamua kwenda kwa ufukwe, teremka Verani. La, mwambie dereva akufikishe mnarani.

Kubisha hodi

Mnara huu bado unafanya kazi, ni mali ya Serikali, na una mlinzi wake. Kwa hiyo kabla hujatoa simu kupiga picha, mtafute mtu. Wenyeji watakuona kabla hujawaona. Toa salamu, "Asalamu aleikum", kwa mzee "shikamoo", uliza hali, uliza watoto, sema umetoka wapi na wewe ni mtoto wa nani kama una asili ya huku. Ukija na haraka ya mjini, unaweza kuambiwa mwenye ufunguo hayupo, na huenda yupo nyuma ya nyumba anashona nyavu.

Kisha omba kupanda, na uliza kiingilio. Si kikubwa. Chukua noti ndogondogo kutoka Konde, maana kule hakuna wa kukuvunjia noti kubwa, na ukimwachia mtu chenji kubwa kwa kukosa budi unawaharibia wanaokuja nyuma yako. Uliza pia kuhusu picha: mnara wenyewe, na watu. Wanawake wanaofunga mwani ufukweni, usiwapige picha kabla hujawasalimu na kukubaliwa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu: ukipita mlangoni kwa mama yako ungempiga picha kabla ya kumsalimu?

Kuvaa: raba au viatu vinavyofunga kisigino. Wanawake wenzangu, buibui la mapana sana lifungeni kiunoni kwa kanga kabla ya kuanza kupanda, kwa sababu ngazi ni nyembamba na pindo likinasa nyuma aliye chini yako anaweza kuanguka. Suruali pana chini ya buibui ndiyo inayofaa. Mkoba uvae mgongoni, au uuache kwa mwenzako chini. Mikono yote miwili uwe nayo.

Ngazi 95

Nimezihesabu, na kila kundi la wanafunzi huzihesabu tena. Ngazi 95. Vidato ni vidogo, na unaweka sehemu ya mbele ya mguu tu. Panda watu wachache kwa wakati mmoja. Mimi huwapandisha wanafunzi wanne wanne, wa kwanza akiwa mwenye moyo mtulivu, na mwenye hofu namweka wa pili, ili awe na mgongo wa kuutazama mbele yake na mtu wa kumpa neno nyuma. Asiweke mtu hofu moyoni akanyamaza. Aseme, ashuke, hakuna aibu. Wapo wanaume wa mashua, watu waliolala baharini miaka, waliogeuka njiani.

Shika chuma kwa kiganja chote. Utakihisi kina ukakasi, na mkono ukiuonja baadaye utakuta chumvi. Chumvi ndiyo adui wa mnara huu. Inakuja na upepo, inakaa kwenye kila kiungo na kila bolti, na kazi ya kukwangua kutu na kupaka rangi haina mwisho. Kwa hiyo usikwaruze rangi na wala usiandike jina lako. Nimeona majina pale. Kila herufi iliyochorwa kwenye rangi ni mlango wa kutu.

Kuwa na uangalifu na manyigu, hasa kipindi cha joto. Wanapenda pembe za chuma zenye kivuli. Kama mlinzi anakwambia subiri, subiri.

Ukifika juu

Wengi hutoa simu, huzungusha picha, huteremka. Dakika tano. Nakuomba ukae nusu saa, mlinzi akikuruhusu, na uanze na maji.

Simama upande wa magharibi. Karibu na nchi maji yana rangi ya kijani nyepesi, halafu kuna mstari, na ng'ambo ya mstari yanakuwa ya buluu ya wino. Hapo ndipo kisiwa kinapoishia chini ya maji na kina kinapoanguka. Sasa tafuta chochote kinachoelea: mashua, ngalawa, hata gogo. Kilinganishe na jabali au mti wa ufukweni, usikiondolee macho. Wakati wa kusi, ngalawa iliyoteremsha tanga ikavua itakuwa imesogea kaskazini ukiwa bado unaitazama, na waliomo hawajagusa kasia. Umeuona mkondo. Mara nyingine utaona pia mkanda wa povu na takataka mahali maji mawili yanapogongana, na wavuvi wanaufuata mkanda huo kwa sababu samaki wanaufuata.

Halafu fanya hesabu hii, hata kama uliiacha hesabu skuli. Chukua urefu wa jicho lako juu ya bahari kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.6, unapata upeo wa macho kwa kilomita. Ukisimama ufukweni, jicho liko kama mita 1.6 juu ya maji: unaona kilomita 4 na nusu tu. Tuseme juu ya mnara jicho liko mita 25: kipeuo chake ni 5, upeo wako ni kilomita 18. Nahodha aliyekaa kwenye tezi, yaani nyuma ya mashua, jicho lake likiwa mita 2 juu ya maji, anaona kilomita 5. Jumlisha 18 na 5. Kilomita 23: kutoka huko mbali ndipo jicho lake na taa vinapoanza kuonana juu ya mgongo wa dunia. Wanafunzi wakishaipata namba hiyo huwa kimya kidogo, kisha mmoja huuliza mnara ungekuwa mrefu mara mbili ingekuwaje, na hapo somo langu limekwisha kujifundisha.

Kusini utaona Njao na maji yaliyokatiza kati yake na nchi. Kaskazini-magharibi, ng'ambo, ni Shimoni na Wasini za Kenya. Hutaziona, ni nchi ya chini na ni mbali. Lakini magharibi, siku hewa ikiwa safi kabisa, kunakuwa na kivuli kirefu cha samawati juu ya upeo. Wageni hudhani ni mawingu. Ni milima ya Usambara, nyuma ya Tanga. Pwani ya Tanga yenyewe imefichwa na mviringo wa dunia; milima inachungulia juu yake.

Baba nilimleta alipokuwa na miaka 74. Magoti yalikuwa yamechoka, akapumzika mara tatu njiani, na kila alipopumzika alikuwa anakigusa chuma kwa nyuma ya vidole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Tulipofika juu hakwenda kwenye reli. Aliipa bahari mgongo, akasimama kuitazama taa ndani ya kioo chake.

"Babu, bahari iko huku," mlinzi akamwambia. Alikuwa kijana mdogo.

"Bahari naijua, mjukuu wangu. Hii ndiyo sijapata kuiona."

Kwa nje kioo kilikuwa na ukungu wa chumvi. Baba akatoa leso mfukoni, akanyoosha mkono. Yule kijana akamzuia kwa upole: "Ngoja, babu. Maji kwanza. Ukifuta chumvi kavu, inakwaruza." Akateremka ngazi zote 95 akapanda tena na kopo la maji ya kisima. Baba akalowesha kipande kimoja cha kioo, akangoja, akakifuta kutoka juu kuja chini, hakurudi juu na kitambaa kilekile. Akakikunja upande safi, akafuta tena. Hivyohivyo ndivyo alivyokuwa akifuta kioo cha dira yake. Alipomaliza aliniuliza Tanga iko wapi. Nikanyoosha kidole magharibi. Akanishika kifundo cha mkono, akakisogeza kusini kidogo, akakiacha hapo.

Nimekagua ramani baadaye. Alikisogeza sawasawa.

Kama Pemba ni mbali kwako

Kuna mnara wa Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya Mji Mkongwe wa Unguja, uliojengwa 1904. Huo unapandika pia, lakini kisiwa chote ni hifadhi ya matumbawe na idadi ya wageni ni ya kuhesabu, kwa hiyo weka nafasi mapema. Mwaka 1926 uliingiziwa taa ya gesi ya kampuni ya AGA, na hapo pana jambo ninalolipenda sana. Gustaf Dalén wa Sweden, mkuu wa kampuni hiyo, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, alibuni vali inayoongozwa na jua. Ndani yake kuna fimbo nyeusi. Kukipambazuka fimbo inameza mwanga, inapata joto, inatanuka kidogo mno, na utanukaji huo unafunga gesi. Jua likizama inanywea, gesi inapita, taa inawaka. Bahari yote inapata mwanga kwa sababu fimbo imepoa. Dalén mwenyewe alipofuka mwaka huohuo wa 1912, kwa mlipuko wa gesi akiwa kazini, na akaendelea kufanya kazi miaka mingi.

Nungwi nako kuna mnara, na eneo lake linaitwa Mnarani kwa ajili yake. Watu wengi wanalijua kwa bwawa la kasa. Uliza kabla ya kusogelea, na usitegemee kuruhusiwa kupanda.

Kurudi

Usiondoke kabla ya magharibi. Teremka mnarani mapema, jua likiwa bado lina urefu wa viganja viwili juu ya maji, ili mlinzi naye apate muda wake na sala yake. Kaa chini, kunywa maji yaliyobaki, okota takataka zako. Kama umekuja na watoto, wape machungwa sasa, njia ya kurudi ni ndefu na giza la Ngezi linawatisha.

Dereva wako akija, usimruhusu akimbize. Mwambie asimame mahali pa wazi kabla ya msitu, ambapo bado unaona nyuma, azime injini na taa ya pikipiki. Subiri macho yazoee. Kila mnara una mpigo wake wa kuwaka na kuzima, ili nahodha asije akaudhania mwingine; ndilo jina lake la usiku. Uhesabu. Anza mwanga unapokupiga: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu, mpaka urudi. Usiandike bado. Hesabu mara ya pili, na ya tatu, na kama zote tatu zimepatana andika kwenye simu, tarehe na saa. Kisha mwambie dereva awashe.